Mjomba, ninunue ipi?

Picha iliingia WhatsApp saa nne usiku. Mashine mbili za santuri za rangi ya fedha zimepangwa juu ya kapeti jekundu, na katikati yake kuna miksa nyeusi ya kuchanganyia sauti yenye vitufe vingi. Chini ya picha mtoto wa dada yangu alikuwa ameandika: "Shikamoo mjomba. Hizi zinauzwa laki tisa zote tatu, jamaa yuko Sinza. Nina milioni moja na laki mbili. Nichukue?"

Kabla sijaitikia ikaingia picha ya pili. Kontrola mpya ya DJ, yaani kile kifaa kimoja cha kuendeshea programu ya muziki iliyo kwenye kompyuta, bado iko kwenye boksi, duka la Kariakoo, bei karibu sawa na ile ya kwanza.

"Au hii? Mjomba, ninunue ipi?"

Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka tuonane. Tulionana Jumapili, tukazungumza mpaka jua likazama, akarudi kwao. Lakini swali lake halikuondoka naye. Limekaa nami wiki kadhaa sasa, kwenye daladala, kazini, hata msikitini nikisubiri adhana, kwa sababu kila jibu nililolipata lilimfaa upande mmoja na kumkosesha upande mwingine.

Kijana ana miaka kumi na tisa. Fedha hiyo ameipata kwa kubeba spika na kufunga waya kwenye shughuli za watu, Mbagala, Chamazi, Kongowe, akilipwa kidogo kidogo alfajiri watu wakishatawanyika. Anataka kutoka kwenye kubeba aende kwenye kupiga. Fedha ya namna hiyo ikipotea, hupotea na hamu.

## Mpira chini ya sahani

Nianze na zile mashine za Sinza, maana hapo ndipo wengi wanapoachia fedha zao.

Nilimwambia amwombe muuzaji video fupi: awashe mashine, aiache izunguke, aishike sahani kwa kidole kwa muda mfupi, kisha aiachie. Video ikaja. Sahani ilianza kuzunguka kwa uvivu, na ilipoachiwa ikajikongoja mzunguko mzima na zaidi kabla ya kurudi kwenye mwendo wake.

Sikuhitaji kuona kingine.

Kwenye mashine za aina hiyo mota imekaa pembeni, na nguvu yake inaifikia sahani kwa mkanda wa mpira. Kwa mtu anayekaa sebuleni kusikiliza santuri upande mmoja mpaka uishe, mkanda huo ni kitu kizuri, kwa kuwa unameza mtikisiko wa mota na muziki unatoka umetulia. DJ ana kazi nyingine. Anaishika santuri kwa mkono, anairudisha nyuma kidogo, anaiachia pale pale mdundo unapotakiwa kuanza. Mpira unateleza, unavutika, na baada ya muda unalegea kabisa. Kijana atakaa chumbani akifanya mazoezi, nyimbo mbili zikimkimbia kila akizishika, naye ataamini kwamba masikio yake ndiyo mabovu.

Hilo ndilo linaloniuma. Kifaa kisichofaa hakimwambii anayeanza kwamba hakifai. Kinamwambia kwamba yeye hawezi.

Mashine anayoihitaji DJ ni ile ambayo mota iko chini ya sahani yenyewe, hakuna mkanda. Wajapani wa Matsushita, kwa jina lao la Technics, waliitoa ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1970, wakafuata na SL-1200 mwaka 1972. Toleo la MK2, la mwaka 1979, ndilo lililoenea kwenye kumbi za dunia nzima: mwendo wake unalindwa na fuwele ya kwatsi, kando kuna kitelezi cha kupunguza au kuongeza mwendo kwa asilimia 8, na ukibonyeza kitufe sahani inafika kwenye mwendo kamili kwa sekunde 0.7. Robo mzunguko tu, tayari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, inua sahani. Ukiona mpira, shukuru, aga, ondoka. Hata kama ni bure, isikufundishie kazi.

## Bei ya chuma

Hapa moyo wangu ulinivuta mbali na akili. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye santuri. Napenda uzito wake, napenda kuona wimbo kwa macho: mahali penye ngoma nyingi mifereji ina sura yake, mahali palipotulia ina sura nyingine, na mwenye uzoefu anaitua sindano pale pale anapopataka. Nilitamani kijana aanzie hapo. Nilikaa na kalamu nikijaribu kuzilazimisha hesabu zikubali.

Hazikukubali.

SL-1200 mpya ya ma-DJ, yaani MK7 iliyotoka mwaka 2019, inakwenda zaidi ya dola elfu moja kwa mashine moja, na DJ anahitaji mbili. Hiyo ni zaidi ya bei ya bodaboda mpya. Zipo za bei ya chini ambazo ni za kweli, zina mota chini ya sahani na kitelezi cha mwendo: Audio-Technica AT-LP120, Reloop RP-2000, Pioneer PLX-500. Huko nje zinauzwa dola mia tatu hadi mia nne hivi, kila moja. Mbili, kabla hujalipa usafiri na ushuru, zimeshaimaliza milioni moja na laki mbili na kudai nyongeza. Bado hujagusa miksa. Bado hujanunua santuri hata moja.

Mtu ataniambia kuna za mtumba kutoka Japani. Zipo, na nyingine ni nzuri ajabu, kwa sababu chuma cha kilo kumi na mbili na nusu hakichakai haraka. Lakini nyingi ya zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka umeme wa volti 100, na wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja ukutani umeunguza fedha yako mbele ya macho yako. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe ya 100 hasa, kwa sababu zilizojaa madukani ni za 110. Soma kibandiko cha nyuma ya mashine kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji.

Halafu kuna sindano. Hili halisemwi kabisa na wanaouza. Sindano ni kitu cha kuisha. Inasagika, na ikishasagika inaanza kuisaga santuri. Shure, waliokuwa wakitengeneza M44-7 iliyopendwa sana na ma-DJ wa kuskrachi, yaani kuisugua santuri mbele na nyuma kwa mkono, waliacha kabisa biashara ya sindano mwaka 2018. Ortofon wa Denmaki wapo, Audio-Technica wapo, lakini kwa mtu wa Mbagala kila sindano ni safari ya kuagiza na kungoja, na kati ya kungoja huko mashine inakuwa pambo. Ongeza vumbi letu. Ongeza meza inayotikisika juu ya mchanga wa uwanja wa shughuli, na besi la spika linaloingia kwenye sindano na kurudi tena kwenye spika mpaka panakuwa muungurumo mtupu. Ongeza kukatika kwa umeme. Laptopu ina betri yake. Sahani inasimama katikati ya neno.

Sisemi haya kuikataa santuri. Nayasema kwa sababu kuna wanaomwambia kijana "DJ wa kweli anatumia santuri" na hawamwambii gharama ya kuuishi huo ukweli.

## Muziki wenyewe uko wapi?

Hata kama fedha ingetosha, lilinijia swali jingine, nalo ndilo lililonisumbua kuliko bei.

Kijana huyu atapiga nini?

Dansi la Dar es Salaam lilirekodiwa kwa miaka mingi kwenye mikanda ya Redio Tanzania, na nyimbo nyingi zilibaki kwenye mikanda hiyo hiyo. Zilizobahatika kutoka kwenye santuri, nyingi zilipitia Nairobi. Bongo Fleva ilikulia kwenye kaseti, ikaja CD, ikaja simu. Singeli haijawahi hata kuipigia hodi santuri kwa huku nyumbani: inatoka kwenye kompyuta ya studio ya uswahilini asubuhi, mchana iko kwenye fleshi, jioni watu wanaicheza vumbini. Mtu wa Mbagala akijifungia kwenye santuri peke yake, amejitenga na muziki wa watu wanaomwalika.

Halafu kuna suala la mwendo. Kitelezi cha asilimia 8 kilitosha kwa muziki uliokizaa. Wimbo wa midundo 110 kwa dakika utaushusha mpaka 101 na kuupandisha mpaka karibu 119, basi. Singeli iko juu ya 200, na nyingine inagonga 300. Ni muziki uliozaliwa kwa kukimbiza: vijana wa Manzese na Tandale walichukua vipande vya taarab, wakavizungusha na kuviongezea kasi mpaka vikawa kitu kipya, na zana yao ilikuwa programu ya kompyuta, si sahani ya chuma. Ukitaka kutoka kwenye amapiano ya 113 uingie singeli ya 226, ambayo ni mara mbili yake hasa, unaweza kuziweka moja juu ya nyingine na watu wasishtuke, ila miguu yao itashtuka. Hiyo ni raha ya peke yake. Kwenye laptopu mtu anaweza kuijaribu usiku mzima. Kwenye santuri hana hata hiyo singeli ya kuijaribia.

Ipo njia ya katikati, na nimeifikiria sana: santuri maalumu isiyo na muziki ila alama za sauti, ambazo programu inazisoma na kuzigeuza kuwa mwendo wa faili lililo ndani ya kompyuta. Kampuni za Serato na Rane waliisambaza sana njia hiyo kuanzia mwaka 2004. Unashika santuri, inasikika singeli. Ni njia nzuri, na ndiyo ningemchagulia kama angekuwa na fedha ya mashine mbili, miksa, laptopu na kifaa cha kuviunganisha vyote. Hana.

Nikawa nimefunga mlango wa santuri, lakini sikuwa nimefungua mwingine. Kontrola nayo ilinitia shaka. Ina taa nyingi mno. Sikuona wazi inamfundisha nini.

## Sikio moja

Jumamosi moja nilimfuata kijana kazini kwake, kwenye kigodoro, ile sherehe ya usiku ya mtaani, huko Mbagala, nikasimama nyuma ya meza ya bosi wake.

Bosi mwenyewe ana laptopu ya zamani iliyopasuka kona ya kioo. Hana kontrola. Ana miksa ya DJ ya chaneli mbili, yaani njia mbili za kuingizia muziki, rangi imebanduka mpaka maandishi hayasomeki, anavijua vitufe vyake kwa vidole. Kutoka kwenye laptopu zinatoka waya mbili: mmoja kwenye tundu lake la kawaida la hedifoni, unakwenda chaneli ya kwanza; wa pili kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB, zile zinazouzwa Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana, unakwenda chaneli ya pili. Programu ina deki mbili, yaani vichezeo viwili vya nyimbo, naye ameipangia ya kushoto itokee huku na ya kulia itokee kule. Basi. Kwa vitu hivyo alikuwa amewashika watu wa mtaa mzima.

Nikaanza kuuangalia mkono wake. Nilitarajia uruke huku na huko. Haukuruka. Muda mwingi ulitulia sehemu moja, kwenye kona ya hedifoni ya miksa. Anabonyeza kitufe cha CUE cha chaneli isiyosikika uwanjani, anakandamiza hedifoni kwenye sikio moja, la pili ameliacha kwa watu. Anaongeza kidogo, anapunguza kidogo. Anarudisha wimbo nyuma, anausikiliza tena. Uwanjani wimbo mmoja, kichwani mwake nyimbo mbili. Na alipoamua kuuingiza wa pili, kazi ilikuwa imeshaisha, kilichobaki ni kusukuma feda, kile kitelezi cha kupandisha sauti ya chaneli.

Nikasema moyoni: hicho ndicho kijana anachokwenda kununua.

Si sahani, si taa. Ni uwezo wa kuusikia wimbo kabla ya watu kuusikia.

Nikakumbuka habari za Bronx, New York. Wapenzi wa hip hop wanaijua tarehe 11 Agosti 1973, inayohesabiwa siku ya kuzaliwa kwa muziki huo: DJ Kool Herc, kijana aliyetoka Jamaika, akipiga kwenye sherehe ya dada yake pale 1520 Sedgwick Avenue, mashine mbili na santuri zake. Lakini aliyenijia akilini ni DJ mwingine, Grandmaster Flash, aliyekuja nyuma kidogo. Flash alizaliwa Barbados, akakulia Bronx kwenye umaskini, akasoma umeme kwenye shule ya ufundi, na vifaa vingi alikuwa akiviunga mwenyewe kutokana na vilivyotupwa. Miksa aliyokuwa nayo haikuwa na njia ya kusikiliza upande wa pili kimya kimya. Akaitengeneza. Aliunga swichi yake mwenyewe ili aisikie santuri inayofuata kwenye hedifoni huku umati ukisikia nyingine.

Mtu asiyekuwa na kitu, mwenye ujuzi wa kuunga chochote, kati ya yote aliyoyakosa aliona hilo la hedifoni haliwezi kusubiri. Hiyo inanitosha kuwa ushahidi.

## Miksa kwanza

Tangu siku hiyo nimeugeuza mpangilio wa fedha. Wengi wanaanza na mashine za kuchezea muziki na kinachobaki ndiyo kinakwenda kwenye miksa. Mimi nasema anza na miksa, kinachobaki kitafute cha kuchezea muziki, hata kama ni laptopu ya dada yako.

Na uwe macho, kwa sababu kuna miksa na miksa. Zile ndogo za kwaya na ma-MC, zenye matundu ya maikrofoni na vitufe vya kuzungusha, zimejaa kila duka na ni za bei nafuu, lakini nyingi hazina kitufe cha kusikiliza chaneli moja peke yake. Hedifoni yake inakupa kile kile kinachotoka kwenye spika. Kwa mhubiri haina shida. Kwa DJ ni kama kununua nyumba isiyo na mlango.

Unachokitafuta ni miksa ya DJ ya chaneli mbili. Nne za nini, na una mikono miwili na muziki wa vyanzo viwili? Numark M2 iko kwenye kundi hilo. Behringer nao wametoa za bei ya chini. Pioneer DJM-250 ni ya daraja la juu kidogo na ukiikuta ya mtumba iliyotunzwa, usiiache. Kila chaneli iwe na kitufe chake cha CUE, na hedifoni iwe na sauti yake yenyewe, isiyofuata sauti ya spika. Kuwe na kitufe cha kuchanganya ndani ya hedifoni kile unachokiandaa na kile kinachosikika nje, maana uwanja ukipiga kelele hutasikia spika vizuri na utahitaji vyote viwili sikioni. Kuwe na geini, yaani kitufe cha kusawazisha nguvu ya sauti inayoingia, kwa kila chaneli, kwa sababu nyimbo zetu zinatoka studio zikiwa na sauti zisizolingana hata kidogo. Ya juzi inanong'ona, ya leo inapasua.

Na besi, kati, trebo. Vitatu, si viwili. Besi mbili zikipigana spika inakoroma na watu wanasimama bila kujua kwa nini wamesimama. Unaikata besi ya wimbo unaoingia, unauingiza ukiwa mwembamba, halafu kwenye mdundo mmoja unazibadilishana: hii inakufa, ile inazaliwa. Ukimfundisha kijana hilo peke yake umempa nusu ya kazi.

Kuhusu nyuma ya miksa, kama kuna ndoto ya santuri siku za mbele, angalia pawe na swichi ya PHONO na LINE. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, milivolti chache tu, na santuri hukatwa ikiwa besi imepunguzwa na trebo imeongezwa kwa kipimo kilichokubaliwa tangu miaka ya 1950. Upande wa PHONO ndio unaoikuza na kuirudisha kwenye umbo lake. Ukichomeka sindano upande wa LINE utapata sauti nyembamba ya mbali. Ukichomeka laptopu upande wa PHONO utapata makelele. Pembeni patakuwa na skrubu ndogo ya kufungia waya wa ardhi wa mashine ya santuri. Usipofungwa, spika zinavuma.

Mtumba usiogope. Ichomeke dukani na hedifoni yako mwenyewe, uje nayo. Telezesha kila feda polepole muziki ukicheza. Ikikwaruza kidogo, fundi anaisafisha kwa dawa ya vifaa vya umeme. Ikikata upande mmoja wa hedifoni, mrudishie mwenyewe, hata akushushie bei kiasi gani.

## Na ile kontrola?

Kipimo ni kile kile. Swali la kwanza dukani lisiwe ina vitufe vingapi. Liwe: ina kadi ya sauti ndani? Yaani tundu la hedifoni liko kwenye kontrola yenyewe, na matundu ya kwenda kwenye spika pia yako kwenye kontrola yenyewe?

Pioneer DDJ-200, kwa mfano, ni nzuri kwa macho na bei yake inavutia, lakini haina kadi ya sauti ndani. Kusikiliza kabla ni mpaka ufunge waya wa kugawa, na ubora unapungua. DDJ-FLX4 inayo. Hercules Inpulse 300 inayo. Tofauti ya bei kati ya yenye kadi na isiyo nayo ndiyo tofauti kati ya kujifunza na kuchezea.

FLX4 ndiyo iliyokuwa kwenye picha ya pili ya kijana, na ni kifaa kizuri sana, nasema bila kusita. Tatizo lilikuwa nje ya boksi: hana laptopu. Inaweza kuunganishwa na simu, kweli, lakini simu yake ndiyo ofisi yake ya kazi za kubeba spika, na nyimbo zake zinagombania nafasi na picha. Angelipa sehemu kubwa ya fedha yake, akarudi nyumbani na kontrola ikasubiri kompyuta, wakati hedifoni yenyewe hana.

Shaka yangu ya mwisho ilikuwa kitufe cha SYNC, kile kinachozipanga nyimbo mbili chenyewe. Niliogopa kitamfanya mvivu. Nimepunguza woga huo baada ya kuona kinavyohangaika na muziki wetu. Programu nyingi zikiona singeli ya 220 zinaiandika 110, au zinaanza kuhesabu mdundo mahali pasipo pake, na kitufe kinaunganisha makosa kwa ustadi mkubwa. Anayekitegemea ataumbuka hadharani mapema. Kwa mazoezi ya nyumbani nimemshauri abandike karatasi juu ya sehemu ya kioo inayoonyesha namba za mwendo, ashike kitelezi, asikilize.

## Fedha ilivyogawanywa

Hatukununua chochote kati ya vile viwili.

Miksa ya chaneli mbili tuliipata Tandika kwa DJ aliyeacha kazi na kuhamia kwenye kilimo cha matikiti: laki mbili na nusu, feda moja inakwaruza, CUE zote nzima. Laptopu ya mtumba yenye diski ya SSD na RAM ya GB 8: laki nne na nusu. Hedifoni ya kufunika sikio vizuri, yenye waya, kwa sababu ile ya bluetooth inachelewesha sauti na mdundo hauna subira: laki moja na elfu ishirini. Kadi ya sauti ya USB na waya zote: elfu arobaini. Programu ni Mixxx, ambayo ni bure kabisa na haidai leseni baadaye. Jumla laki nane na elfu sitini.

Kijana aliviangalia mezani akanyamaza kidogo. Alikuwa ameota taa. Nikampa hedifoni, nikamwekea nyimbo mbili za midundo inayokaribiana, nikamwambia asiniangalie. Baada ya muda alitabasamu mwenyewe, akaniambia, "Mjomba, huu wa pili unatangulia." Ulikuwa unatangulia kweli.

Laki tatu na elfu arobaini zilizobaki amempa mama yake azishike. Anataka ziwe mwanzo wa mashine moja ya santuri yenye mota chini ya sahani. Mimi ningependa aongeze kidogo achukue spika mbili ndogo za mezani, kwa sababu hedifoni usiku kucha si nzuri kwa masikio ya umri wake, na nimemwambia hivyo. Amesema atafikiria. Dada naye amesema fedha haitoki mpaka yeye mwenyewe asikilize nyimbo tatu zimeunganishwa bila kugongana, na moja kati ya hizo iwe ya taarab.